SOMO LA WIKI: Barua ya bei isiishie kwenye taka

SONGEA – Kalenda ya biashara ya mazao mkoani Ruvuma inafahamika. Mahindi huanza kuvunwa Mei na kumiminika sokoni Juni na Julai. Kahawa ya Mbinga huvunwa katikati ya mwaka, ufuta na mbaazi huwa na minada yake, na korosho ya Tunduru hufunga mwaka kwa minada inayoanza Oktoba. Katika miezi hiyo ndipo maulizo ya bei, profoma, ankara na hati za malipo hupishana kila siku kati ya Songea na wanunuzi walio mbali.

Wanunuzi hao wako mbali kweli. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam kupitia Njombe na Makambako ni zaidi ya kilomita 900. Biashara ndogo humalizika kwa simu na ujumbe wa WhatsApp. Lakini mwenye kinu kikubwa, benki, kampuni ya usafirishaji nje au taasisi ya umma hawezi kulipa kwa maneno ya simu. Anataka karatasi yenye namba, tarehe, uzito, bei na jina la muuzaji, na siku hizi karatasi hiyo hupitia kwenye barua pepe. Hata zabuni za serikali zimehamia mtandaoni, ambako mfumo wa NeST ulianza kutumika mwaka 2023 kuchukua nafasi ya TANePS.

Hapo ndipo linapojitokeza tatizo ambalo wafanyabiashara wengi hawalihesabu kama hasara. Barua inatumwa, kompyuta inaandika kwamba imetumwa, lakini mnunuzi haioni. Imeingia kwenye folda ya barua taka, pamoja na matangazo ya bahati nasibu na dawa za uongo. Somo la wiki hii linaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuizuia.

HASARA ISIYOANDIKWA KWENYE LEJA

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mfanyabiashara ana mahindi meupe tani 30, mzigo wa lori moja kubwa. Tuseme bei ni sh. 700 kwa kilo. Thamani ya mzigo ni sh. 21,000,000. Ikiwa faida yake baada ya magunia, upakiaji na ushuru ni sh. 40 kwa kilo, lori hilo litamwachia sh. 1,200,000.

Mnunuzi wa Dar es Salaam ameomba bei kwa wauzaji watatu na amesema ataamua kesho jioni. Barua mbili zimefika mbele ya macho yake. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, imeangukia kwenye taka. Mnunuzi hatapiga simu kuuliza, kwa kuwa kwake yeye muuzaji wa tatu hakujibu. Muuzaji naye atadhani bei yake ilikuwa juu, na mara nyingine ataishusha bila sababu. Hasara ni mbili: ya lori lililokosa mnunuzi, na ya uamuzi mbaya wa bei uliotokana na taarifa isiyo sahihi.

Inafaa kutofautisha mambo mawili. Barua ikiandikiwa anwani isiyokuwapo, kwa kawaida hurudishwa na maelezo kwamba haikupokelewa. Hiyo inaonekana na inaweza kusahihishwa siku hiyo hiyo. Barua iliyotupwa kwenye taka hairudi wala haitoi taarifa yoyote kwa aliyeituma. Kwa sababu hiyo dawa yake ni kinga kuliko tiba.

TAKA ZILITOKA WAPI

Chanzo chake ni cha zamani. Mei 3, 1978 Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET wa Marekani. Wengi walikasirika, ingawa kompyuta alizokuwa akizitangaza zilipata wanunuzi. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza tangazo la huduma zao za kadi ya kijani katika maelfu ya makundi ya majadiliano ya Usenet. Tangu hapo kila mwenye bidhaa alijua kwamba kutuma tangazo kwa watu milioni kunagharimu karibu sawa na kulituma kwa mtu mmoja.

Udhaifu wenyewe uko kwenye msingi. Utaratibu wa kupeleka barua pepe, unaoitwa SMTP, ulichapishwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti waliofahamiana. Haukuweka njia ya kuhakikisha kwamba aliyeandika jina lake kama mtumaji ndiye mwenyewe. Ni kama bahasha: mtu yeyote anaweza kuandika nyuma yake jina la benki, na karani wa posta hamuulizi.

Kwa hiyo kampuni zinazopokea barua, kama Google, Yahoo na Microsoft, zimelazimika kuweka walinzi wao wenyewe. Mwanzoni walinzi hao walitafuta maneno mabaya tu. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alieleza namna ya kutumia hesabu za uwezekano, ili mashine ijifunze yenyewe kutokana na barua ambazo watu wamezitupa na zile walizozihifadhi. Siku hizi mashine hupima mambo mengi kwa pamoja, nayo yanaweza kukusanywa katika maswali manne: Nani ametuma? Sifa yake ni ipi? Ameandika nini? Na waliowahi kupokea barua zake walifanya nini nazo?

VITAMBULISHO VITATU VYA MTUMAJI

Swali la kwanza ndilo linalowaangusha wengi, na ndilo rahisi kulimaliza. Mfanyabiashara mwenye kikoa chake, yaani jina la kampuni linaloishia na .co.tz au .com, anatakiwa aweke vitambulisho vitatu kwenye kumbukumbu za kikoa hicho. Majina yake ni SPF, DKIM na DMARC. Maneno yanatisha, lakini kazi yake inafanana na ya ghala lolote la mazao.

SPF ni daftari la madereva. Mwenye ghala anaandika getini majina ya madereva walioruhusiwa kutoa mzigo wake. Vivyo hivyo, SPF ni mstari mmoja wa maandishi unaotaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kampuni. Kwa kampuni inayotumia huduma ya barua ya Google Workspace, mstari huo husomeka hivi: v=spf1 include:_spf.google.com ~all. Kampuni nyingine za barua hutoa mstari wao. Mpokeaji akiona barua imetoka kwenye seva isiyo katika daftari, anaitilia shaka.

Yapo makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kuweka mistari miwili ya SPF kwenye kikoa kimoja, mathamani mmoja wa mwenye seva ya zamani na mwingine wa mpya. Mistari miwili hubatilishana. Inatakiwa iunganishwe kuwa mmoja. La pili ni kusahau mtumaji mwingine. Ikiwa programu ya uhasibu hutuma ankara moja kwa moja kwa wateja, nayo lazima iandikwe, la sivyo barua za mkurugenzi zitafika na ankara zitatupwa.

DKIM ni lakiri. Gunia au kontena lililofungwa kwa lakiri likifika bila lakiri kukatwa, mpokeaji anajua kwamba mzigo haukuguswa njiani na anajua umefungwa na nani. DKIM hufanya hivyo kwa saini ya kidijiti: seva inayotuma hutia saini kila barua kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huikagua kwa ufunguo wa wazi uliowekwa kwenye kumbukumbu za kikoa. Ufunguo wenye urefu wa biti 2048 ndio unaopendekezwa. Mfanyabiashara hahitaji kuutengeneza kwa mkono; huduma ya barua humpa, naye huubandika mahali panapohusika.

DMARC ni maagizo kwa mlinzi. Daftari lipo na lakiri ipo, lakini mlinzi afanye nini akikuta gari lisilo na vyote viwili? DMARC humwambia. Maagizo ni ya aina tatu: p=none, yaani apokee lakini atoe taarifa; p=quarantine, yaani aiweke kwenye taka; na p=reject, yaani aikatae kabisa. Aidha, DMARC hudai kwamba jina analoliona msomaji kwenye sehemu ya mtumaji lilingane na jina lililothibitishwa na SPF au DKIM. Bila hilo, tapeli angeweza kupita na daftari lake mwenyewe huku amevaa jina la mwingine.

Inashauriwa kuanza na p=none kwa wiki chache, huku taarifa zikitumwa kwenye anwani ya kampuni, ili ionekane ni seva zipi hutuma barua kwa jina hilo. Baada ya kuhakikisha kwamba zote halali zimeandikwa, ndipo agizo likazwe. Anayeruka moja kwa moja hadi p=reject anaweza kujizuia mwenyewe.

ANWANI ZA BURE

Wafanyabiashara wengi wa mkoani huandika kwa anwani za bure za Gmail au Yahoo. Si kosa. Barua moja moja inayotumwa kutoka ndani ya Gmail yenyewe au Yahoo yenyewe tayari ina vitambulisho vyote, kwa kuwa kampuni hizo zimekwisha kuviweka.

Tatizo huanza pale mtu anapotumia anwani hiyo ya bure kutuma kwa njia nyingine, kwa mfano kupitia programu ya matangazo au tovuti ya kampuni. Yahoo ilikaza maagizo yake ya DMARC hadi p=reject Aprili 2014. Tangu wakati huo, barua inayodai kutoka Yahoo lakini imetumwa na seva nyingine hukataliwa na wapokeaji wanaofuata maagizo hayo. Muuzaji wa mbegu anayeweka anwani yake ya Yahoo kwenye programu ya matangazo, halafu anashangaa kwamba hakuna mkulima aliyejibu, asitafute mchawi. Sababu ni hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kuhama. Anwani yenye jina la kampuni humwonyesha mhasibu wa mnunuzi kwamba anashughulika na biashara iliyosajiliwa. Ada ya mwaka ya kikoa cha .co.tz, kinachosajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, kwa kawaida haifikii nauli ya basi ya kwenda Dar es Salaam na kurudi. Gharama ya pili ni ya huduma ya barua yenyewe, nayo hutegemea idadi ya wafanyakazi. Lakini tarehe ya kulipia upya iandikwe ukutani. Kikoa kikiisha muda katikati ya msimu, barua zote hukatika, na anayekichukua baada ya hapo anaweza kuandika kwa jina la kampuni hiyo.

Asiye na fundi asinunue nafasi ya bei ya chini kabisa bila kuuliza. Katika huduma za kuchangia, seva moja huhudumia mamia ya wateja kwa anwani moja ya mtandao. Mmoja wao akituma matangazo ya ovyo, wote huchafuka. Maswali ya kumuuliza mtoa huduma ni haya: Je, SPF na DKIM zimewekwa? Je, seva imo katika orodha nyeusi kama zile za Spamhaus, taasisi iliyoanza mwaka 1998? Na ikiwa imo, itaondolewa lini?

MASHARTI YA 2024 NA 2025

Kabla ya mwaka 2024 vitambulisho hivi vilikuwa ushauri. Februari 2024 Google na Yahoo zilivifanya sharti. Kila anayetuma kwenye Gmail anatakiwa awe na SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku anatakiwa awe na vyote viwili pamoja na DMARC, na barua zake za matangazo ziwe na njia ya kujitoa kwa kubofya mara moja. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa wanaotuma kiasi kama hicho kwenye anwani za Outlook na Hotmail.

Mfanyabiashara wa Songea atasema yeye hatumi barua 5,000 hata kwa mwaka. Ni kweli, lakini sharti la kwanza linamhusu hata anayetuma tano. Aidha, kuna kipimo kimoja kinachofaa kukumbukwa na wote. Google inataka malalamiko ya wapokeaji, yaani wanaobofya kitufe cha taka, yasifikie asilimia 0.3, na ikiwezekana yawe chini ya asilimia 0.1. Asilimia 0.3 ni watu watatu katika 1,000. Kwa mwenye orodha ya wateja 200, mtu mmoja tu akilalamika ni asilimia 0.5. Ndiyo kusema kwamba orodha ndogo haina nafasi ya mzaha.

ORODHA YA WATEJA NI MTAJI

Kutokana na kipimo hicho, jambo la kuogopwa kuliko yote ni kununua orodha ya anwani. Wapo wanaouza anwani za "wanunuzi wakubwa wa nafaka Afrika Mashariki" kwa bei ndogo. Anwani hizo nyingi zimekufa, nyingine ni mitego iliyowekwa makusudi kunasa watumaji wa taka, na wenye zilizo hai hawakuomba kuandikiwa. Barua moja kwa orodha hiyo inaweza kuharibu sifa ya kikoa kwa muda mrefu kuliko msimu mmoja.

Sheria nayo inasema. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka tangazo la biashara litumwe kwa ridhaa ya mlaji, lioneshe tangu mwanzo nani ametuma na kwa madhumuni gani, na limpe mpokeaji njia ya kukataa mengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo imezuia kutuma ujumbe usioombwa au kughushi taarifa za mtumaji kwa nia ya kutenda kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahusu namna ya kukusanya na kutunza taarifa za watu, anwani zao zikiwemo.

Orodha nzuri hujengwa polepole. Mteja anapofika ghalani au anapopiga simu, aulizwe kama angependa kutumiwa bei za wiki, na jibu lake liandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Anwani iliyorudisha barua ifutwe au isahihishwe siku hiyo. Asiyefungua wala kujibu kwa misimu miwili aachwe. Kadhalika anayesema "niondoeni" aondolewe bila kubishana naye, kwa sababu njia pekee iliyobaki kwake ni kile kitufe cha taka.

Mwenye kikoa kipya asianze kwa kishindo. Kikoa kisicho na historia kikituma barua 300 siku ya kwanza huonekana kama tapeli aliyefungua duka jana. Aanze na barua chache kwa wateja wanaomjua na watakaojibu, kisha aongeze kidogo kidogo kila wiki. Majibu yao ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote mbele ya mashine.

JINSI YA KUANDIKA

Swali la tatu ni la maandishi. Kichwa cha barua kiseme kilichomo. Tulinganishe viwili:

"OFA OFA!!! MAHINDI BEI POA HARAKA"

"Profoma Na. 14: mahindi meupe tani 30, Songea"

Cha kwanza kinafanana na kelele za matapeli, na hata mnunuzi mwenyewe atasita kukifungua. Cha pili kinasomeka, kinatafutika baada ya mwezi mzima, na mhasibu anaweza kukifaili.

Ndani ya barua, bei, uzito, mahali pa kukabidhi mzigo na muda wa bei kudumu viandikwe kwa maneno, visiachwe ndani ya picha peke yake. Barua yenye picha moja kubwa bila maandishi hutiliwa shaka, kwani matapeli walizoea kuficha maneno yao ndani ya picha. Vilevile viungo vya mtandao vilivyofupishwa viepukwe. Mashine haijui vinaelekea wapi, na mnunuzi hajui pia. Anwani ya kujibu iwe ile ile iliyotuma.

Viambatisho vina hesabu yake. Gmail humruhusu mtumaji kuambatisha mafaili yasiyozidi MB 25 kwa jumla, na faili likisafirishwa huongezeka ukubwa kwa karibu theluthi moja. Picha tano za magunia zilizopigwa kwa simu ya kisasa zinaweza kuvuka kiwango hicho. Inatosha PDF moja ndogo ya profoma na picha mbili zilizopunguzwa. Mafaili yanayoishia na .exe hukataliwa na Gmail, na mafaili yaliyofungwa kwa neno la siri huleta mashaka.

Mwisho wa barua pawe na jina kamili la mwandishi, cheo, jina la biashara, mji na namba ya simu. Barua isiyo na mwenyewe haimridhishi mlinzi wala mteja.

KUJIPIMA KWA DAKIKA TANO

Hakuna haja ya kukisia. Mfanyabiashara afungue anwani moja ya bure ya Gmail kwa ajili ya majaribio, kisha ajitumie profoma kutoka kwenye anwani ya kampuni. Aangalie kwanza imeingia wapi. Halafu aifungue kwa kompyuta, abofye vitone vitatu vilivyo pembeni ya barua na achague kuonyesha barua asili. Hapo juu atakuta mistari ya SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila mmoja neno la matokeo. Ikiwa yote matatu yameandikwa PASS, vitambulisho viko sawa. Palipoandikwa FAIL, au pasipoonekana kitu, ndipo pa kumwonyesha fundi, na ukurasa huo achapishe ampelekee.

Jaribio hilo lirudiwe kwa anwani ya Yahoo na ya Outlook, kwa kuwa kila mlinzi ana mizani yake. Pia lirudiwe kila kampuni inapobadilisha seva, programu ya uhasibu au mtoa huduma.

Kwa mteja mpya, dawa ya zamani bado inafanya kazi. Baada ya kutuma profoma ya kwanza, apigiwe simu ya dakika moja: "Nimekutumia profoma namba 14, tafadhali angalia, na kama imeingia kwenye taka itoe na uhifadhi anwani yangu." Mteja akiitoa kwenye taka na kuijibu, mashine ya upande wake hujifunza kwamba mtumaji huyo ni wa kuaminiwa. Simu hiyo ni ya bei ndogo kuliko tangazo lolote.

UPANDE WA PILI WA FOLDA

Somo halitakamilika bila kutazama folda ya taka ya mfanyabiashara mwenyewe. Ulizo la bei kutoka kwa mnunuzi mpya wa Nairobi au Mtwara nalo linaweza kuangukia humo. Gmail hufuta barua za taka baada ya siku 30, kwa hiyo asiyeifungua folda hiyo msimu mzima hatajua aliyemtafuta. Karani mmoja apewe kazi ya kuikagua asubuhi na jioni, hasa kuanzia Juni hadi Desemba.

Hata hivyo, kukagua si kuamini kila kitu. Nyingi zilizomo zimestahili kutupwa. Ulaghai mbaya zaidi kwa wafanyabiashara ni ule wa mtu anayejiingiza kati ya muuzaji na mnunuzi, anaiga jina la mmoja wao kwa kubadili herufi moja, kisha anaandika: "Tumebadilisha akaunti ya benki, lipeni hapa." Kanuni ni moja. Badiliko lolote la akaunti lithibitishwe kwa simu, kwa namba ya zamani iliyo kwenye daftari, si kwa namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Na hapa DMARC iliyokazwa ina faida ya pili: tapeli hawezi kwa urahisi kutumia jina halisi la kampuni ya Songea kumwibia mteja wake wa Dar es Salaam.

RATIBA YA WIKI NNE

Kwa anayetaka kuwa tayari kabla msimu haujafunguka, kazi hii inaweza kugawanywa hivi.

Wiki ya kwanza: asajili kikoa au athibitishe tarehe ya kulipia kilichopo, na apate huduma ya barua inayoaminika.

Wiki ya pili: aweke SPF na DKIM, aweke DMARC ya p=none, na afanye jaribio la barua asili.

Wiki ya tatu: asafishe orodha ya wateja, aondoe anwani zilizokufa, na aandike upya kielelezo cha profoma chenye kichwa kinachoeleweka.

Wiki ya nne: awaandikie wateja kumi wa zamani, mmoja mmoja, awajulishe anwani mpya na awaombe wajibu. Baada ya hapo ndipo bei za wiki zianze kutumwa.

ZOEZI

1. Fungua folda ya barua taka ya biashara yako leo. Hesabu barua za wateja halali zilizomo, na mbele ya kila moja andika thamani ya mzigo uliokuwa ukiulizwa.

2. Chukua profoma tano za mwisho ambazo hazikujibiwa. Piga simu kwa kila mnunuzi umuulize jambo moja tu: aliiona au hakuiona? Wale ambao hawakuiona usiwahesabu kama waliokataa bei.

3. Jumlisha thamani ya zoezi la 1 na ya profoma ambazo hazikuonekana katika zoezi la 2. Linganisha na ada ya mwaka ya kikoa na huduma ya barua. Tofauti hiyo iandikwe kwenye leja, upande wa hasara zinazoweza kuepukika.